Maua na Sombe ndani ya Lupango: Historia ya Mimea Inayodumu Lubumbashi

Msomaji mwingine atashangaa kukuta maua katika kitabu cha desturi. Atatuuliza: maua si mambo ya bazungu? Desturi yetu si sombe na matembele? Swali ni zuri. Lakini tukichimba kidogo chini ya mizizi, tutakuta kwamba maua na sombe wana historia moja.

Tuanze na majira. Huku Lubumbashi mvua inaanza kwa kawaida mwezi wa 11 na inakwisha mwezi wa 4. Mahindi na lengalenga ya shambani inakuja na mvua na inakwenda na mvua. Lakini kuna mimea inayobaki mwaka mzima, na hiyo njo inaonyesha kwamba ndani ya lupango kuna watu waliokusudia kukaa.

Mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi inaumiza asubuhi, ponsetia inakuwa nyekundu. Ni kwa sababu usiku umekuwa mrefu; mti ule unahesabu saa za giza. Ukiupanda chini ya taa inayowaka usiku kucha, unaweza kungoja ile rangi bila kuiona. Bugenvilea nayo inapenda ukavu: ukiimwagia maji mingi inatoa majani tu. Franjipani inaangusha majani yote na kubaki matawi matupu kama imekufa, kumbe imelala. Mwezi wa 9 na wa 10, joto linapopanda, jakaranda za barabarani zinavaa rangi ya zambarau, na kila mtu anajua mvua haiko mbali. Wakati huo wote muhogo umesimama pale nyuma ya jiko. Wengi wanausahau, lakini nao ni kichaka cha kudumu, na mama anachuma sombe hata vumbi likijaa.

Sasa tuone historia. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka huohuo reli kutoka kusini ikafika. Wafanyakazi wa kwanza wa migodi walikuja kwa mikataba ya miezi michache, wengi bila bibi zao. Mtu wa miezi sita hapandi kichaka. Atampandia nani? Bustani kubwa zilikuwa upande wa bazungu, na mikono iliyozimwagilia ilikuwa ya watu wetu.

Karibu na mwaka 1928 kampuni ya Union Minière ilibadilisha siasa yake: mikataba ya miaka mitatu, na mfanyakazi kuruhusiwa kukaa na bibi na watoto. Hapo njo maisha ya nyumbani yalianza kupata mizizi katika kambi. Hata hivyo nyumba ilikuwa ya kampuni. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Katika miaka ya 1950, kule Katuba na Ruashi, familia nyingi zilianza kuwa na lupango lao wenyewe. Mtu mwenye lupango lake anaweza kupanda kitu ambacho mtoto wake atakiona.

Namna gani ua lilivuka kutoka bustani ya bazungu mpaka kwetu? Si vigumu kuelewa. Bugenvilea, hibiskusi, franjipani, ponsetia: yote inaota kwa tawi. Tawi linalokatwa linatupwa, na lililotupwa linaweza kuokotwa. Tena bamama waliijua kazi ile tangu zamani, maana muhogo pia unapandwa kwa kipande cha mti, si kwa mbegu.

Na hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Bugenvilea ilijulikana kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1767, merikebu ya Mfaransa Bougainville ilipopita Rio de Janeiro, kule Brazili. Na muhogo? Nao asili yake ni Amerika ya Kusini; Wareno waliuleta kwenye pwani yetu ya magharibi. Wareno wengine walipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798, waliukuta umekwisha kuenea. Basi sombe tunayoiita chakula cha babu, na ua tunaloliita la bazungu, wote wawili ni wageni kutoka ng'ambo ileile ya bahari. Sisi wenyewe wazee wetu walitoka Kasai, Luapula, Urua, hata Ruanda-Urundi. Kilichowafanya wenyeji ni kukaa na kuzaa pale walipopandwa.

Kwa hiyo desturi yetu haiko katika ua, iko katika tawi. Mtu anapita, anaona rangi juu ya ukingo wa majani, anasimama: «Mama, nisaidie kipande kidogo.» Hakuna bei. Mwaka ukipita, yule aliyepewa anampa mwingine. Ukifuata bugenvilea moja kutoka lupango hadi lupango, unasoma majirani kama kitabu.

Siku hizi kitabu kile kinafungwa. Baada ya uporaji wa mwaka 1991, watu wengi waliona heri ukuta wa matofali na vipande vya chupa juu yake. Hatuwalaumu, woga ule ulikuwa na sababu. Lakini ukuta hauchanui, na anayepita nje hana la kuomba.

Tunawaomba vijana jambo moja. Mvua ikianza, kata tawi, panda moja karibu na ukuta wako, lakini uliache lipande mpaka juu na kuinama upande wa barabara. La pili mpe jirani. Na muulize mzee wa nyumbani alipata wapi lile la kwanza, umwandike jina, mbele hajaondoka nalo.