Mkataba Badala ya Pingu: Funzo la Kakao ya São Tomé kwa Istilahi na Sera za Leo

Utangulizi

Katika lugha ya biashara, safari ya bidhaa kutoka shambani au mgodini hadi dukani huitwa mnyororo wa ugavi. Msemaji wa Kiswahili anayeijua historia ya pwani yetu hulisikia neno mnyororo akakumbuka pia walichofungwa mateka. Makala haya yanarejea kisa cha kakao ya São Tomé, kati ya mwaka 1901 na 1909, kuonesha jinsi utumwa uliofutwa kisheria ulivyodumu ndani ya biashara halali kwa kubadilishwa jina, na kwa nini wanunuzi walichelewa kuchukua hatua ilhali habari walikuwa nazo.

Jina jipya, hali ileile

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1870, sheria za Ureno zilikuwa zimekwisha kuufuta utumwa katika makoloni yake. Hata hivyo, mashamba ya kakao ya visiwa vya São Tomé na Príncipe yaliendelea kupata nguvukazi kutoka Angola. Watu waliopatikana bara kwa kununuliwa au kutekwa walitembezwa hadi pwani, wakafikishwa mbele ya ofisa wa serikali na kuandikiwa mkataba wa miaka mitano kwa Kireno, lugha ambayo wengi wao hawakuielewa. Tangu hapo waliitwa serviçais, yaani watumishi. Muda ulipokwisha, mkataba ulifanywa upya pasipo hiari yao. Sheria ya mwaka 1903 iliagiza sehemu ya ujira itengwe kwa ajili ya kuwarejesha makwao, lakini miaka kadhaa baadaye karibu hakuna Mwangola aliyekuwa amerudi.

Mwaka 1901 habari hizo zilimfikia William Cadbury, ambaye kampuni ya familia yake ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya kakao yake visiwani humo. Hati ya kuuza shamba mojawapo iliwaorodhesha wafanyakazi pamoja na mali nyingine. Karatasi moja iliwaita watumishi. Nyingine iliwahesabu kama mali. Mwaka 1903 Cadbury alikwenda Lisbon, akaahidiwa kwamba sheria mpya ingerekebisha mambo. Mwandishi Henry Nevinson aliizuru Angola na visiwa hivyo mwaka 1904 na 1905. Joseph Burtt, aliyetumwa na wanunuzi mwaka 1905 baada ya kujifunza Kireno kwanza, alirejea mwaka 1907 na kuthibitisha yaleyale. Ununuzi ulisitishwa Machi 1909, pamoja na kampuni za Fry na Rowntree. Mwishoni mwa mwaka huo, katika kesi ya kashfa iliyosikilizwa Birmingham dhidi ya gazeti la The Standard, kampuni ya Cadbury ilishinda, lakini ikapewa fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni.

Swali lililokosewa

Kwa miaka minane, mazungumzo ya wanunuzi na serikali ya Ureno yalizunguka sheria na mikataba. Swali lililofichua ukweli lilikuwa jepesi zaidi: nani amerudi kwao? Mkataba huweza kughushi ridhaa. Hauwezi kughushi mtu aliyerejea kijijini na ujira wake mkononi.

Kosa hilo bado lipo. Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya Uingereza ya mwaka 2015 huzitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa taarifa ya kila mwaka kuhusu hatua zilizochukua, lakini huruhusu pia taarifa isemayo kuwa hakuna hatua iliyochukuliwa. Karatasi hutimia, mfanyakazi asiulizwe.

Istilahi zetu nazo zahitaji kupimwa. Tanzania, yenye sheria ya mwaka 2008, husema usafirishaji haramu wa binadamu. Nchini Kenya, yenye sheria ya mwaka 2010, husikika zaidi ulanguzi wa binadamu. Istilahi ya kwanza huelekeza jicho barabarani na mipakani. Ya pili humtafuta muuzaji na bei. Serviçal alisafiri kwa hati halali, na katika mkataba wake hapakuandikwa bei. Istilahi zote mbili zingempita. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 hutaja pia kuandikisha, kuhifadhi na kupokea mtu kwa hila au shuruti, kwa lengo la kumnyonya. Kusafirisha ni njia mojawapo tu. Kwa hiyo, neno utumikishaji lafaa kuwekwa katikati ya fasili zetu.

Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mkataba usomwe katika lugha ya mfanyakazi kabla hajaondoka kwao. Pili, ukaguzi uwahoji wafanyakazi wenyewe, mbali na msimamizi: je, waweza kuacha kazi? Nani anashika hati zako? Unadaiwa nini? Tatu, mnunuzi asidhani kwamba kuhama ndiko kuzuia. Cadbury iligeukia kakao ya Pwani ya Dhahabu, lakini waliobaki mashambani São Tomé hawakupata uhuru siku hiyo. Vivyo hivyo, baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya Kongo na nchi jirani, wanunuzi wengi walijitenga na eneo zima, wakawaacha wachimbaji wadogo bila soko. Kuzuia utumwa ni kubaki, kuuliza, na kuhakikisha kwamba aliyeandikishwa aweza kurudi.