Terzaghi na udongo mwekundu wa Sasumua

Mwaka 1960 wahandisi wanne wenye majina makubwa, Laurits Bjerrum wa Norway, Arthur Casagrande na Ralph Peck wa Marekani, na Alec Skempton wa Uingereza, walikusanya maandishi teule ya Karl Terzaghi wakayatoa kitabuni kwa heshima yake. Mzee huyo alikuwa amekwisha kustaafu ualimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka huohuo Chama cha Wahandisi Ujenzi wa Marekani, kilichokuwa kimempa Nishani ya Norman mara nne, kilianzisha mhadhara wenye jina lake.

Heshima hizo alizistahili. Hata hivyo, kwetu sisi wa Afrika Mashariki kazi yake iliyo karibu zaidi iko Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua: bwawa la Sasumua, linalopeleka maji Nairobi.

Terzaghi alizaliwa Prague mwaka 1883, akasomea uhandisi wa mitambo Graz. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomfikisha Istanbul mwaka 1916, alikotumwa kufundisha wahandisi. Vita vilipokwisha alibaki mjini humo, akapata kazi katika Chuo cha Robert. Maabara hakuwa nayo. Alijitengenezea vyombo kwa vitu alivyoweza kuvipata, akaanza kuuminya udongo wa mfinyanzi na kupima ulivyobonyea, siku baada ya siku.

Hapo ndipo alipopata jibu la jambo lililokuwa likiwasumbua wajenzi tangu zamani: kwa nini jengo lililosimama juu ya mfinyanzi huendelea kudidimia miaka mingi baada ya fundi kuondoka? Udongo uliolowa una chembe, na kati ya chembe kuna maji. Mzigo ukiwekwa juu yake, kwanza hubebwa na maji. Maji hujipenyeza kutoka polepole mno, na kadiri yanavyotoka, uzito huhamia kwenye chembe, nazo husogeleana. Nguvu ya udongo inategemea ile sehemu ya mzigo inayobebwa na chembe zenyewe. Kwa kanuni hiyo na hesabu zake, zilizomo katika kitabu alichokitoa Vienna mwaka 1925, mhandisi aliweza kukadiria jengo litadidimia kiasi gani na kwa muda gani. Elimu ya udongo ikawa somo kamili la uhandisi.

Baadaye alifundisha MIT, kisha Vienna, na kuanzia 1938 Harvard. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wataalamu wa udongo ulifanyika Harvard mwaka 1936, naye akawa rais wa chama chao hadi 1957. Lakini nadharia aliyoiasisi mwenyewe hakuigeuza msahafu. Aliwasisitizia wanafunzi watoke nje, waukague udongo mahali ulipo, wapime huku ujenzi ukiendelea, na wawe tayari kubadili michoro. Nadhani hilo ndilo fungu kubwa zaidi la ualimu wake.

Sasumua ilimpa nafasi ya kulionyesha. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari nchini Kenya. Nairobi ilihitaji maji, na tuta la bwawa lilitakiwa kujengwa kwa udongo wa palepale, mwekundu, uliotokana na miamba ya volkano. Vipimo vya kawaida viliwatia watu hofu. Hata baada ya kushindiliwa, udongo ule ulikuwa mwepesi na wenye maji mengi kupita kiasi. Kwa vigezo vilivyotokana na udongo wa Ulaya na Marekani, ungeweza kukataliwa.

Terzaghi alipoitwa kutoa ushauri, alitaka kujua udongo huo unafanya nini hasa unapobebeshwa mzigo. Majaribio yakaonyesha kwamba ni imara na haubonyei sana. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kupendeza: chembe ndogondogo za madini ya haloisaiti zimeshikamana zikawa punje ngumu zenye vinyweleo, na sehemu kubwa ya maji yaliyopimwa imo ndani ya punje hizo. Maji yaliyofungiwa humo hayaudhoofishi udongo kama yale yanayozitenganisha chembe. Vigezo ndivyo vilivyokuwa vimepotosha. Udongo haukuwa na kasoro.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1958 katika jarida la Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya Uingereza. Hapo alikuwa ameshapita miaka 70. Wachunguzi wa udongo wa nchi za joto wameirejea makala hiyo tangu wakati huo, nami natamani kila mwanafunzi wa uhandisi wa Nairobi na Dar es Salaam aisome kabla ya kuhitimu, kwa kuwa udongo uliomo ndani yake ni wa aina atakayokutana nayo kazini.

Kustaafu hakukumpumzisha. Aliongoza jopo la washauri wa Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri hadi alipojiuzulu mwaka 1959, na huko British Columbia, Kanada, alishauri ujenzi wa bwawa la Mission juu ya mfinyanzi laini ambao wengi wangeuepuka. Alifariki Oktoba 1963. Miaka miwili baadaye, bwawa la Mission lilipewa jina la Terzaghi.