Msaada na Huduma Katika Mapatano ya Kulipiwa

Zungomero, kituo mashuhuri cha misafara katika nchi ya Wakutu, kilikuwa jirani na Kisaki ya leo. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Katika misafara ya zama hizo mpagazi alikuwa na ujira wake na posho yake, yaani chakula cha kila siku. Posho haikuwa hisani ya mwenye msafara bali sehemu ya mapatano, na ilipokatwa wapagazi waligoma au walitoroka.

Tofauti hiyo hupotea tufasiripo masharti ya programu za tovuti zinazouzwa. Mwenye nyumba ya wageni Kisaki anunuapo programu ya kupokea maombi ya vyumba, mara nyingi bei huchukua pia miezi kadhaa ya kujibiwa maswali na kuondolewa kasoro. Mfasiri akiandika “msaada”, mnunuzi hudhani anaomba fadhila. Huona haya kudai, na muda humwishia.

“Msaada” lafaa pasipo na malipo. Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilitolewa bure. Aliyesaidiwa kuitumia alisaidiwa kweli. Penye malipo napendekeza “huduma baada ya mauzo”, ambalo wauza mitambo wamekwisha kulizoea. Tena yaitwe “masharti ya huduma”, wala si “sera”: sera hupangwa na upande mmoja, masharti hufunga pande zote mbili.