Ugonjwa Nadra kwa Nani? Historia ya Jicho Lililoingia Tumboni

Katika lugha ya mipango ya afya kuna neno dogo lenye nguvu kubwa, nalo ni nadra. Ugonjwa ukishaitwa nadra hushushwa hadi mkiani mwa orodha. Haununuliwi kifaa, hauandaliwi mtaalamu, na mgonjwa wake huambiwa, kwa upole au kwa ukali, kwamba serikali haiwezi kuacha kutibu malaria ya maelfu ili imtibu yeye mmoja. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Hata hivyo, ndani yake mna dhana isiyosemwa, kwamba tunajua ni ugonjwa upi ulio nadra na upi usio nadra. Tumejuaje? Historia ya endoskopi, yaani ule mrija wenye taa na jicho unaopitishwa kinywani au katika njia ya haja kubwa ili kutazama ndani ya umio, tumbo na utumbo, inaonyesha kwamba mara nyingi uadimu wa ugonjwa umepimwa kwa idadi ya macho yaliyotazama kuliko kwa idadi ya miili iliyougua.

Nichukue mfano wa ugonjwa mmoja, akalasia. Umio ni mrija wa misuli. Tunapomeza, misuli hiyo husukuma tonge chini kwa mawimbi, na mlango ulio kati ya umio na tumbo hulegea ili tonge lipite. Kwa mwenye akalasia, neva zinazoongoza kazi hiyo zimekufa: mawimbi hupotea na mlango haulegei. Chakula hukaa kifuani, umio hutanuka mwaka baada ya mwaka, na usiku mabaki hurudi kooni yakampalia mgonjwa usingizini. Basi hukonda, na hukohoa. Tabibu asiye na kifaa cha kutazama ndani humwona mtu aliyekonda na anayekohoa usiku, na katika nchi zetu sura hiyo ina jina lake tayari, kifua kikuu. Kwingine ataambiwa ana vidonda vya tumbo au pumu. Na akiwa na bahati mbaya zaidi, ataambiwa na jirani zake kwamba amerogwa.

Maelezo ya kale yanayotajwa mara nyingi kuhusu ugonjwa huu yaliandikwa Uingereza mwaka 1674 na Thomas Willis, tabibu wa Oxford. Willis hakuwa na namna ya kuona ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Alichokuwa nacho ni mgonjwa aliyetapika karibu kila alichokula. Alichukua ufito wa mfupa wa nyangumi, akafunga sifongo nchani, akamfundisha mgonjwa kuusukuma chakula chini kila baada ya mlo. Mtu yule aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Tiba, kwa hiyo, ilitangulia maarifa kwa karne mbili na zaidi, na msingi wake haujabadilika hadi leo: neva zilizokufa hazifufuki, kinachowezekana ni kuufungua ule mlango.

Kuona ndani kulichelewa kwa sababu mbili za wazi: mwili una giza, na njia yake imepinda. Philipp Bozzini wa Frankfurt alijaribu kulishinda giza mwaka 1806 kwa mshumaa uliowekwa ndani ya kisanduku chenye kioo. Alifariki miaka mitatu baadaye kwa homa ya tifasi, na chombo chake hakikufika popote. Kuhusu njia iliyopinda, jibu halikutoka maabara bali kwa watu wa maonyesho. Mwaka 1868, huko Freiburg, Adolf Kussmaul alitambua kwamba mtu anayemeza panga mbele ya watazamaji ili apate riziki yake alikuwa amekwisha kutatua tatizo lililowashinda madaktari. Ukiinua kichwa na kunyoosha shingo ipasavyo, kinywa, koo na umio huwa mstari mmoja. Kussmaul alipitisha kwenye koo la mtu wa namna hiyo mrija mgumu wenye urefu wa sentimita 47 na upana wa milimita 13. Mrija ulipita. Taa ya spiriti na tapentaini aliyoitumia haikutosha kuonyesha la maana, lakini jambo kuu lilikuwa limethibitishwa. Wanafunzi wa historia na waangalie jinsi sifa ilivyogawanywa: daktari ameingia vitabuni kwa jina lake, na mmeza panga, katika masimulizi mengi, ametajwa kwa kazi yake tu.

Johann von Mikulicz aliongeza taa ya umeme mjini Vienna mwaka 1881. Bado mrija ulikuwa mgumu, na mrija mgumu hutoboa. Umio ukitobolewa, mgonjwa wa zama zile alikuwa wa kufa. Ndiyo maana daktari mwenye busara hakutazama ila pale alipokosa njia nyingine, na kisichotazamwa ila kwa dharura hakiwezi kuhesabiwa. Si ajabu kwamba mwaka 1913, Ernst Heller alipofanya mjini Leipzig upasuaji wa kukata misuli ya ule mlango, aliufikia kwa kisu kutoka nje.

Hapa ndipo siasa inapoingia, tena kwa buti. Katika miaka ya 1920 hapakuwa na mtu aliyetazama matumbo ya watu kwa bidii kuliko Rudolf Schindler wa Munich. Mwaka 1932, akishirikiana na fundi wa vyombo wa Berlin, Georg Wolf, alikamilisha chombo ambacho sehemu yake ya chini iliweza kupinda, huku picha ikipitishwa na safu ya lenzi nyingi. Hatari ilipungua mno. Mkewe, Gabriele, alikuwa msaidizi wake, akishika kichwa cha mgonjwa katika pembe inayofaa. Kazi ambayo bila yake jicho la mumewe lisingefika popote. Mwaka uliofuata Wanazi walishika dola. Schindler, mwenye asili ya Kiyahudi, aliwekwa kizuizini, na mwaka 1934 familia ilihamia Chicago. Katika mji huohuo wa Munich, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Heinrich Lamm alikuwa ameonyesha mwaka 1930 kwamba fungu la nyuzi za kioo linaweza kupitisha picha hata likiwa limepinda. Alikuwa na lengo hilohilo, kuona ndani ya mwili. Naye alikuwa Myahudi, naye alikimbilia Marekani. Wazo lake lililala kwa zaidi ya miaka ishirini. Tunapohesabu hasara za ufashisti, tuwaweke katika hesabu pia wagonjwa waliosubiri jicho lililokuwa limekwisha kubuniwa.

Wazo liliamka mwaka 1954, pale Harold Hopkins na Narinder Kapany, waliokuwa London, walipochapisha kazi yao kuhusu nyuzi za kioo. Mmoja wa waliosoma makala yao alikuwa Basil Hirschowitz, daktari aliyezaliwa Transvaal mwaka 1925 na kusomea Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambaye sasa alikuwa Michigan. Tatizo lililobaki ni kwamba mwanga ulivuja kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Larry Curtiss, alilitatua mwishoni mwa 1956 kwa kuuvisha kila uzi gamba la kioo cha aina nyingine. Februari 1957 Hirschowitz aliumeza mrija huo yeye mwenyewe, kisha siku chache baadaye akautumia kwa mgonjwa. Mwaka huohuo aliuonyesha mbele ya wanachama wa chama ambacho Schindler alikuwa amekianzisha huko uhamishoni mwaka 1941.

Japani ilifuata njia nyingine. Saratani ya tumbo ilikuwa ikiwaua watu wengi huko, na mwaka 1950, katika nchi iliyokuwa bado ikijijenga baada ya vita, daktari Uji na wahandisi wa kampuni ya Olympus walitengeneza kamera ndogo ya kumezwa. Hapo hitaji la umma ndilo lililozaa kifaa, na kifaa kikazaa kizazi cha madaktari wenye mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Nitalirejea hilo.

Kwanza twende Brazili, kwa kuwa ndiko neno nadra linakovunjika kabisa. Wakati vitabu vya Ulaya vikiiorodhesha akalasia miongoni mwa maradhi ya ajabu, wakulima wa bara la Brazili walikuwa na jina la kila siku la ugonjwa wa kukwamwa na chakula: mal de engasgo. Mwaka 1909 Carlos Chagas alieleza ugonjwa unaoenezwa na mdudu anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo. Katika miaka ya 1950, huko Ribeirão Preto, mwanapatholojia Fritz Köberle alihesabu chembe za neva katika kuta za umio na utumbo wa waliokufa kwa ugonjwa huo, akakuta zimeangamizwa. Asilimia kubwa ya akalasia ya nchi ile ilikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe kilikuwa na anwani: nyumba ya maskini. Ugonjwa uleule, mlango uleule usiolegea. London ulikuwa kioja cha kuonyeshwa wanafunzi, na Minas Gerais ulikuwa jirani.

Sasa Japani tena. Septemba 2008, Haruhiro Inoue wa Yokohama alimtibu mgonjwa wa akalasia kwa namna ambayo Heller asingeiamini. Endoskopi huingia kinywani. Daktari hukata mlango mdogo katika utando wa ndani wa umio, huchimba njia chini ya utando huo hadi tumboni, hukata misuli inayobana, kisha hufunga tundu kwa vibanio vidogo. Ngozi haiguswi. Jicho lililobuniwa ili litazame limekuwa mkono. Na baada ya tiba kupatikana, jambo la kufikirisha likatokea: ugonjwa ulianza kuongezeka. Kwa miongo mingi ilisemwa kwamba akalasia humpata takriban mtu mmoja kati ya 100,000 kwa mwaka. Watafiti wa Chicago, waliochunguza wakazi wa maeneo ya karibu na hospitali yenye vipimo kamili vya mgandamizo wa umio, walichapisha mwaka 2017 makadirio ya mara mbili hadi tatu ya hayo. Sidhani kwamba watu wa Chicago walianza kuugua zaidi. Walianza kutazamwa.

Na sisi? Katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Malawi, saratani ya umio ni ya kawaida kwa kiwango kinachowashangaza wageni. Huko Bomet, katika Hospitali ya Tenwek, endoskopi imetumika kwa miaka mingi kuweka stenti, yaani kijibomba cha waya kinachopanua njia iliyozibwa na uvimbe ili mgonjwa aweze tena kula na familia yake. Kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huharibu mishipa ya ini, na damu iliyozuiwa huvimbisha mishipa ya umio hadi ipasuke. Katika vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya, kichocho ni tanbihi katika sura ya kutapika damu, kwa kuwa huko chanzo kikuu cha mishipa hiyo kuvimba ni ini lililosinyaa, mara nyingi kwa pombe. Mwanza tanbihi hiyo ndiyo sura yenyewe, na tiba yake ni vijipete vya mpira vinavyofungwa kwenye mishipa kupitia endoskopi.

Kuna hatari mahali ambapo ugonjwa mmoja umeenea kiasi hicho. Mtu wa Bomet asiyeweza kumeza hudhaniwa, na jirani na hata na tabibu, kuwa ana saratani, na wengine huenda nyumbani kungoja kifo bila kutazamwa. Baadhi yao, bila shaka, wana akalasia, na puto linaloingizwa kwa endoskopi na kujazwa hewa katika ule mlango lingewapa miaka mingi ya kula. Ni wangapi? Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, jibu wanalo mezani. Fomu za MTUHA na ndugu zake katika nchi jirani zina safu ya magonjwa mengineyo. Kisichothibitishwa kwa kipimo huingia humo. Kikishaingia humo hakina idadi. Kisicho na idadi hakiombewi fedha, na bila fedha hakinunuliwi kipimo cha kukithibitisha. Mduara umefungwa, na kila anayeuzungusha ametimiza wajibu wake wa kazi.

Wanaharakati nao wana kosa lao. Tunapenda kudai mashine. Mashine huja na bendera, hotuba na utepe wa kukatwa, lakini endoskopi ni kifaa chepesi kudhurika. Baada ya kila mgonjwa lazima ipimwe kama inavuja, isuguliwe ndani kwa brashi kwa mkono, ilowekwe katika dawa maalumu, isuuzwe na ikaushwe. Maji yakipenya ndani yake, imekufa. Muuguzi anayeisafisha ndiye anayeamua kama itadumu miaka mingi au miezi michache, na sijawahi kuona bango la maandamano linalodai brashi, dawa ya kulowekea, fundi wa ukarabati, au nafasi ya ajira ya muuguzi huyo. Gabriele Schindler angelielewa jambo hili bila kuelezwa.

Kipimo cha mgandamizo wa umio, ambacho ndicho kinachothibitisha akalasia pale ambapo jicho la endoskopi halioni kasoro mapema, ni haba zaidi. Lakini uji mweupe wa bari na eksirei ya kawaida huweza kuonyesha umio uliotanuka na kuchongoka chini mithili ya mdomo wa ndege, na eksirei tunazo katika hospitali nyingi za mikoa. Safu moja ya ziada katika daftari la wagonjwa, yenye maneno "hawezi kumeza", ikifuatwa na matokeo ya picha hiyo, inahitaji wino tu.