Mkondo wa Magogoni na Watu Wanaouvuka

Kutoka Magogoni, jirani na Ikulu ya Dar es Salaam, Kigamboni unaiona kwa macho bila kujitahidi: minazi, mapaa ya bati, watu wanaoshuka kwenye pantoni. Majini ni mwendo wa dakika chache. Lakini mkondo huo mwembamba ndio ulioamua nani awe mtu wa mjini na nani awe mtu wa ng'ambo, na uamuzi huo umedumu zaidi ya karne moja.

Wembamba wake ndio uliomvutia Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Miaka ya 1860, alipotaka kujenga mji mpya bara, alikuta karibu na kijiji cha Mzizima bandari iliyojificha: lango dogo, kisha maji mapana yaliyotulia, na hori linalokunja kusini kupitia Kurasini hadi Mtoni, ambako mito ya Kizinga na Mzinga humwaga maji yake kati ya mikoko. Majid alifariki 1870 mji ukiwa haujakamilika, na mrithi wake, Barghash, hakuushughulikia sana. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walijenga upande uleule mmoja. Makanisa yao mawili makubwa, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, bado yanamkabili kila anayerudi mjini kwa kivuko. Reli iliyofika Kigoma 1914 ilianzia upande huo pia. Ng'ambo ikabaki ya wavuvi na minazi.

Mwaka huohuo wa 1914 lango lenyewe likawa silaha. Agosti, vita vilipoanza, manowari ya Uingereza HMS Astraea ilikuja kuupiga mnara wa redio wa Wajerumani. Wao wakazamisha mlangoni chelezo chao kinachoelea, lile gati la kukarabatia meli, ili adui asiingie. Siku hizi pantoni zinapita palepale jirani zikiwa zimejaa wanafunzi na ndoo za samaki.

Uhuru ulipokuja, ng'ambo ilianza kupewa majukumu mazito. Chuo cha Kivukoni, kilichoandaa viongozi wa taifa jipya, kilianza 1961. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1966 kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, na miaka miwili baadaye bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta hadi Ndola, Zambia, umbali wa kilomita 1,710. Hapo ndipo ninapoona dhuluma ya jiografia: mafuta ya Kigamboni yalipewa njia ya kuvuka nchi nzima, ilhali mgonjwa wa Kigamboni anayepelekwa Muhimbili aliendelea kusubiri pantoni, au kuzunguka mbali kupitia Kongowe na Mbagala.

Anayetaka kuyaona haya yote kwa mpigo ashuke Kigamboni aende kwa miguu. Upande wa bahari njia inakwenda Mjimwema. Upande wa hori inapita Tungi kuelekea Vijibweni, kwenye matangi ya mafuta, mpaka nguzo za daraja zinapoonekana juu ya mikoko. Ni matembezi ninayompendekezea yeyote anayedhani Dar es Salaam inaishia Posta.

Daraja hilo, lililojengwa na Serikali pamoja na NSSF, lilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 19 Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680 na njia sita, na linaitwa Daraja la Nyerere. Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke, ikapewa hadhi ya wilaya, na viwanja vya Kibada na Mjimwema vikawa gumzo. Wengi walidhani enzi ya pantoni imekwisha. Haikwisha, kwa sababu daraja liko Kurasini, mbali na Magogoni, nalo linamfaa zaidi mwenye gari. Mama muuza samaki anayewahi mnada wa Feri alfajiri, fundi anayekwenda Kariakoo, kijana anayesukuma baiskeli, hao bado njia yao ni maji.

Nauli yao ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200 mwanzoni mwa 2012, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali hadi bungeni. Sishangai: kwa anayevuka kwenda na kurudi kila siku, shilingi mia si kitu kidogo. Tena wanaovuka wanajua hatari ya chombo kilichozidiwa. Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kivuko hicho kilikuwa cha TEMESA, wakala uleule unaoendesha vivuko vya Magogoni.

MV Magogoni, kilichoanza kazi 2008 kikiwa na uwezo wa kubeba abiria 2,000 na magari 60, kilipelekwa Mombasa kwa matengenezo mwaka 2023. Kilipoondoka, foleni zilirefuka, na mzigo ukaangukia vivuko vidogo, MV Kigamboni na MV Kazi, hiki cha pili kikiwa kimeundwa na Songoro Marine ya hapahapa nchini. Baadaye boti za Azam Marine nazo zikaanza kubeba abiria. Boti zinasaidia, lakini hazipakii gari la wagonjwa wala mkokoteni wa mchuuzi. Kwa mizigo hiyo mkondo huu unahitaji pantoni kubwa, na ya akiba ikiwa tayari kabla kubwa haijapelekwa chelezoni.