Kiti cha Ntemi, Biblia na Bunduki: Dini na Utawala katika Njia ya Misafara

Treni ya Kigoma ikishapita Kaliua hufika Usinge, kisha huendelea Nguruka na Uvinza. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata upande uleule ambao wapagazi wa Kinyamwezi waliupita na pembe za ndovu, merikani na chumvi. Misahafu na Biblia nazo ziliingia bara kwa mabega yao. Lakini hazikukuta nchi isiyojua kuchanganya ibada na utawala.

Ntemi wa Kinyamwezi alikuwa mtawala na mwombezi kwa pamoja. Alivaa kibangwa, alama ya utemi, alisimamia matambiko ya wahenga, na mvua ilihesabiwa kuwa kazi yake. Ikigoma kunyesha, lawama zilikuwa zake. Utaratibu huo uliweza kumdhibiti ntemi mkorofi, lakini uliweza pia kumwangusha mwema kwa kosa la mawingu, na hapakuwa na pa kukata rufaa.

Waarabu wa Tabora walipomng'oa ntemi Mnywa Sere wa Unyanyembe na kumweka Mkasiwa, hawakupigania Uislamu. Ugomvi ulikuwa ushuru wa misafara. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi tunapenda kuvisha kila vita vya zamani kanzu au msalaba.

Ntemi Mirambo wa Urambo alikuwa mjanja zaidi. Mwaka 1879 alimpokea Dkt. Ebenezer Southon, mmisionari Mprotestanti kutoka London, akamwacha atibu watu na kuhubiri. Southon alifia hukohuko mwaka 1882, baada ya kupigwa risasi mkononi kwa bahati mbaya. Mirambo mwenyewe alifariki mwaka 1884 bila kubatizwa. Alichukua kwa mgeni dawa na urafiki, lakini kiti akabaki nacho.

Buganda hawakuwa na bahati hiyo. Mapadri Wakatoliki wa White Fathers waliopitia Tabora mwaka 1878 walifika kwa Kabaka mwaka 1879, wakawakuta Waislamu waliotangulia kwa njia ya biashara, na Waprotestanti waliofika mwaka 1877. Mwaka 1888 vijana wa dini zote walishirikiana kumpindua Kabaka Mwanga. Muda si mrefu Waislamu wakawafukuza Wakristo. Hapo ndipo anapoingia Charles Stokes. Alikuja Afrika Mashariki kama mmisionari, akaiacha misheni, akaoa Limi, binti wa ukoo wa kitemi huku Unyamwezi, na misafara yake ya wapagazi wa Kinyamwezi ikabeba bunduki badala ya Injili. Kwa msaada wake Mwanga alirudi kitini. Mwaka 1895 Stokes alinyongwa Kongo na ofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa tuhuma za kuuza silaha.

Wakristo walioshinda pamoja hawakukaa pamoja. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, "Wangereza", yaani Waprotestanti, walipigana na "Wafransa", yaani Wakatoliki, naye Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawapa upande wa kwanza silaha. Baadaye vyeo vya wakuu wa saza, yaani wilaya za Buganda, viligawiwa kwa madhehebu. Waislamu wakaachiwa Butambala. Kwa maoni yangu, hapo ndipo dini ilipopata hasara kubwa kuliko serikali: ubatizo uligeuka barua ya kuombea kazi. Hata vyama vya siasa vya Uganda vilivyokuja baadaye, DP na UPC, vilitambuliwa kwanza kwa kanisa.

Tanganyika iliponea chupuchupu. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uligombania kura tatu (kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), si dini. Miaka hiyohiyo AMNUT, chama cha siasa cha Waislamu, ilizaliwa, ikitaka uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu. Haikupata wafuasi wengi, ingawa malalamiko yake kuhusu shule hayakuwa ya kubuni. Kisha mwaka 1968 serikali iliipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu, na BAKWATA, baraza jipya la Waislamu, ikaundwa. Kwa hiyo si kweli kwamba hatari hutoka msikitini na kanisani tu. Serikali nayo hupenda kuchagua nani aongoze waumini.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Na tangu sensa ya 1967, karani wa sensa hajamuuliza Mtanzania dini yake, hata mwaka 2012 baadhi ya makundi ya Waislamu yalipoisusia sensa kwa kudai swali hilo lirudishwe.