Kinanda Kilichojifunza Kutisha

Katika filamu ya The Phantom of the Opera ya mwaka 1925, Erik, yule mzuka wa jina la filamu, amekaa kwenye kinanda chake chini ya jumba la opera la Paris, barakoa usoni, anapiga. Christine, mwimbaji aliyemteka, ananyemelea nyuma yake. Mkono unasogea, unasita, unasogea tena. Barakoa inavutwa, na uso wa Lon Chaney, pua imevutwa juu hadi umekuwa kama fuvu, unatukodolea macho sisi kabla Christine mwenyewe hajauona. Mkanda huo ni bubu. Sauti yote inatoka kwa mtu aliye hai, aliyekaa kwenye kinanda kingine humohumo ukumbini, na akichelewa kidogo tu watu watacheka badala ya kushtuka.

Siku hizi kinanda hicho mara nyingi ni cha kanisani. Oktoba inapokwisha, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa makuu kadhaa ya Marekani na Uingereza hutundika kitambaa cheupe, huzima taa na kuonyesha sinema bubu za kutisha. Katika Kanisa Kuu la St. John the Divine, New York, filamu ilipokwisha yalikuwa yakifuata mazimwi ya Ralph Lee, fundi wa vinyago aliyeanzisha gwaride la Halloween la Greenwich Village mwaka 1974. Yalitokea upande wa madhabahu, moshi umeyazunguka, yakapita katikati ya watazamaji.

Ni rahisi kudhani kwamba sinema iliazima woga kutoka kinanda cha kanisani. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume.

Kinanda kweli kilitoka kanisani. Robert Hope-Jones, Mwingereza, alikuwa fundi umeme wa simu na pia kiongozi wa kwaya huko Birkenhead. Aliunganisha vibonyezo na mabomba kwa nyaya za umeme, akahamia Marekani, na mwaka 1910 akajiunga na kampuni ya Wurlitzer. Hapo kinanda kikavuliwa joho: kikaongezewa ngoma, njuga, milio ya ndege na kwato za farasi. Wurlitzer iliunda zaidi ya 2,000 vya aina hiyo, kwa sababu ambayo mwenye duka yeyote angeielewa: mtu mmoja alilipwa kufanya kazi ya okestra nzima.

Lakini katika majumba ya sinema kinanda hicho kilisindikiza kila kitu: mapenzi, vichekesho, watu wanaokimbizana. Hakikuwa na umaarufu wa kutisha. Hata Nosferatu ya F. W. Murnau, ambayo leo haikosekani makanisani, ilipozinduliwa Berlin tarehe 4 Machi 1922 ilisindikizwa na okestra, muziki wa Hans Erdmann. (Count Orlok, mnyonya damu wa filamu hiyo, sisi tungemwita mumiani bila kusita.) Filamu hiyo ilinusurika kwa bahati. Hadithi ilichukuliwa kutoka Dracula ya Bram Stoker bila ruhusa. Mjane wake, Florence, akashitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Zilizokwisha kusambaa hazikupatikana zote.

Erik ndiye aliyeanza kukitia kinanda doa. Kisha mwaka 1927 ikaja The Jazz Singer, filamu zikaanza kusema, na wapigaji kwa maelfu wakakosa kazi. Halafu filamu hizo zenye sauti, zilizomfukuza mpigaji, zikakifanya kinanda chake kuwa alama ya uovu. Katika Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931 tunasikia Tokata na Fuga ya Bach katika D ndogo tangu mwanzo, na Jekyll mwenyewe tunamwona akipiga kinanda. Baada ya filamu kama hizo, muziki uleule ukipigwa Jumapili, kuna mtu atakayetazama nyuma.

Waliokirudisha nyumbani wengi ni watu wa kanisa. Dorothy Papadakos alikuwa mpiga kinanda wa St. John the Divine. David Briggs alitoka Kanisa Kuu la Gloucester. Briggs alifundishwa na Jean Langlais wa Paris, akatumia miaka akiandika kwa noti, kutoka kanda, muziki ambao Pierre Cochereau aliubuni papo hapo Notre-Dame. Mafunzo hayo ya Kifaransa yanafaa ajabu. Mpigaji wa misa humtazama padri, humpigia hadi afike madhabahuni, na humalizia pale mguu unaposimama. Badala ya padri mweke Orlok anayepanda ngazi; kazi ni ileile.

Jengo nalo lina masharti yake. Mwangwi hugeuza muziki wa haraka kuwa uji, kwa hiyo anayejua hupiga kidogo na kuuachia ukimya nafasi. Ana bomba la futi 32, ambalo noti yake ya chini kabisa hutetemeka takriban mara 16 kwa sekunde. Sikio haliipati vizuri. Benchi ndilo linaloisikia, na mgongo wa aliyekalia benchi.

Pale St. John kuna pia tarumbeta za kinanda zilizofungwa mwisho wa kanisa, chini ya dirisha la waridi, mbali nyuma ya watazamaji. Jengo lina urefu wa mita 183, na sauti huchelewa kuwafikia waliokaa mbele. Mpigaji akitaka ipasuke pamoja na picha, lazima abonyeze kabla mkono wa Christine haujaigusa barakoa.